Koloni la udongo wa mikoko limezuia Staphylococcus: je, nina haki ya kuandika kwamba nimegundua kiuavijasumu kipya?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Shikamooni walimu wangu, na salaam kwenu wenzangu mnaoshinda maabara.

Nasoma maikrobiolojia katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na nimebakiwa na wiki saba kabla ya kukabidhi ripoti ya mradi wangu wa utafiti. Mada niliyoisajili ni kutafuta bakteria wa udongoni wanaotengeneza viuavijasumu vinavyoweza kuzuia vimelea sugu. Nilichukua udongo sehemu nne: mbili kando ya mikoko ya Kunduchi, moja kwenye bustani ya mchicha na moja chini ya mwembe wa nyumbani kwetu. Niliuanika kivulini siku tano, nikauzimua hatua kwa hatua hadi mara laki moja, kisha nikaupanda kwenye ageri (jeli ya kuoteshea bakteria) ya wanga na kaseini niliyoitia nistatini ili kuzuia kuvu, na asidi ya nalidiksiki ili kupunguza bakteria wa Gramu hasi (wenye utando wa nje wa ziada, kama E. coli, tofauti na wa Gramu chanya kama Staphylococcus).

Nilitenga makoloni 63. Matano kati yake yaliweka duara wazi nilipokata vipande vya ageri vyenye koloni na kuvipandikiza juu ya sahani zilizopakwa bakteria wa majaribio. Mawili ndiyo yanayoninyima usingizi. La kwanza, M-17, ni la kijivu, gumu kama limeshonwa kwenye ageri, na linanuka kama ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Nilikwisha kulihamishia ageri isiyo na dawa mara tatu ili kulisafisha. Lilizuia Staphylococcus epidermidis kwa duara la milimita 19 na Bacillus subtilis kwa milimita 22, lakini Escherichia coli haikuguswa. La pili, M-31, nililipata mwishoni kabisa na kulijaribu wiki iliyopita kwa haraka kabla maabara haijafungwa, nalo limefanya kinyume: limezuia E. coli kwa milimita 14 huku Staphylococcus ikiota mpaka ukingoni mwa kipande. Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa kuwa kila ninachokisoma kinasema Gramu hasi ndio wagumu.

Matatizo yangu ni haya. M-17 nililiotesha siku saba kwenye mchuzi wa virutubishi, nikauchuja, na mchuzi ule haukuzuia chochote. Nikaukamua kwa ethili asetati, nikadondoshea kwenye diski ya karatasi ya milimita 6, nikapata duara la milimita 9, na sijui kama hilo linahesabika. Msimamizi wangu ameshauri kichwa cha ripoti kiseme "ugunduzi wa kiuavijasumu kipya", ilhali rafiki yangu ananionya kwamba mtahini wa nje atanichambua kama karanga. Tena nimeambiwa kazi haitakuwa na uzito mpaka nitafute MRSA (Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini) kutoka hospitalini. Naomba mwongozo wenu.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ana macho.

Duara wazi linakuambia jambo moja tu, kwamba mahali pale bakteria wa majaribio hakuota. Halikuambii kwa nini. Huenda M-17 linatoa kiuavijasumu, lakini huenda pia limetoa asidi iliyoshusha pH, au limenyang'anya chuma kilichomo kwenye ageri, au linazalisha haidrojeni peroksidi. Pima pH ya ageri pembeni mwa koloni kwa karatasi ya kawaida, kisha rudia jaribio ukidondoshea kimeng'enya cha katalasi kwenye kipande. Ni kazi ya siku mbili na itakupa aya mbili ambazo mtahini hatazivuka bila kutikisa kichwa kwa kukubali.

Sasa neno "kipya". Maelezo yako ya M-17, kuanzia ugumu wake hadi harufu ya mvua, ambayo hutokana na kemikali iitwayo jeosmini, yanaelekea kwa Streptomyces, ingawa harufu si kitambulisho. Jenasi hiyo imechimbwa tangu miaka ya 1940, na waliopiga hesabu za makusanyo makubwa ya viwandani walikadiria kwamba streptothrisini hupatikana kwa karibu mmoja kati ya kila aktinomaiseti (kundi la bakteria wa nyuzi, Streptomyces wakiwemo) kumi wa udongoni, streptomisini kwa mmoja kati ya mia, na tetrasaiklini kwa mmoja kati ya elfu hivi, ilhali daptomisini ni ya mmoja katika mamilioni. Maana yake ni kwamba mtu mwenye makoloni 63, akikuta moja lenye nguvu, anapaswa kwanza kudhani amekutana na mzee anayejulikana. Kuthibitisha upya kunadai kuitenga kemikali yenyewe ikiwa safi, kupima uzito wa molekuli yake, kuchora umbo lake na kulilinganisha na maelfu yaliyokwisha kuandikwa. Kazi hiyo haiingii katika wiki saba, wala katika bajeti ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Hili lisikuvunje moyo. Mpango wa Tiny Earth, uliozinduliwa mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison chini ya Jo Handelsman, umejengwa juu ya kazi kama hii unayoifanya: wanafunzi huleta udongo wao, hutenga bakteria, huwapima dhidi ya jamaa wasio hatari sana wa vimelea wakali, na matokeo yao huchangia utafutaji mkubwa zaidi. Hakuna anayedai kwamba kila mmoja wao amegundua dawa.

Kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi ni cha Albert Schatz. Mwaka 1943, akiwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo cha Rutgers nchini Marekani, alitenga aina mbili za Streptomyces griseus, moja kutoka udongo wa shamba lililotiwa samadi na nyingine kutoka koo la kuku, na humo ndimo ilimotoka streptomisini, dawa ya kwanza ya kiuavijasumu iliyoweza kifua kikuu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 ilikwenda kwa msimamizi wake, Selman Waksman, peke yake. Schatz alikuwa amekwenda mahakamani miaka miwili kabla ya tuzo hiyo, na maridhiano ya kesi ile yalimtambua kuwa mgunduzi mwenza. Daftari lake la maabara, lenye tarehe na maelezo ya kila jaribio, lipo hadi leo. Basi lako likoje? Umeandika siku uliyochukua udongo, kina, pH yake na mvua ilinyesha lini?

Kichwa ningekiandika hivi: "Utengaji na uchunguzi wa awali wa bakteria wa udongo wa mikoko ya Kunduchi wenye uwezo wa kuzuia bakteria wa Gramu chanya". Mpelekee msimamizi wako kwa adabu, na mwambie neno "awali" linamkinga yeye pia.

Dada wa Maabara

Mwalimu amemaliza ya kichwa, mimi niseme ya mezani.

Mchuzi kukosa nguvu ni jambo la kila siku kwa jamii ya Streptomyces, wala usidhani umekosea. Bakteria hawa hutengeneza silaha zao wakati nyuzi zao zinapojiandaa kutoa mbegu juu ya kitu kigumu, na wengi wao, wakiogelea ndani ya mchuzi wenye sukari na fosfeti tele, hawapati sababu ya kuwasha jeni hizo. Kwa hiyo achana na mchuzi. Panda M-17 kwenye sahani kumi za ageri, ziache nyuzijoto 28 kwa siku kumi, katakata ageri yote, igandishe usiku kucha kwenye friza, iyeyushe, kisha ikamue kwa ethili asetati. Kugandisha huvunja ageri na kuachia maji yaliyonaswa, nawe utapata vingi zaidi kwa kiyeyushi kilekile. Fukiza kiyeyushi chini ya kofia ya moshi (kabati la kuvuta mvuke nje), si juu ya meza, maana kinashika moto haraka.

Usimwage maji yanayobaki baada ya ukamuaji. Ethili asetati huvuta kemikali zisizopenda maji sana, na vitu kama streptomisini na streptothrisini hubaki majini. Kama M-17 linatoa mojawapo ya hivyo, umekuwa ukiitupa dawa kwenye sinki na kuipima takataka.

Duara lako la milimita 9 sitalihesabu wala sitalikataa, kwa sababu hujaniambia diski linganishi ilisema nini. Ukitoa upana wa diski, unabakiwa na milimita moja na nusu kila upande, na kiyeyushi ambacho hakijakauka vizuri kinaweza kuleta kitu kama hicho. Unahitaji diski tatu za kulinganisha katika kila sahani: moja yenye kiyeyushi kitupu kilichokaushwa, moja yenye ukamuaji wa ageri ambayo haikupandwa kitu, na moja ya dawa inayojulikana, kwa mfano tetrasaiklini. Ile ya pili ndiyo wanafunzi huisahau. Ageri yenyewe, peptoni yake na chumvi zake hukamuliwa pamoja na dawa yako, na bila ulinganisho huo huwezi kusema nguvu imetoka kwa bakteria. Halafu rudia mara tatu, kwa siku tofauti, ukilinganisha ukungu wa bakteria wa majaribio na kipimo cha McFarland 0.5 (kiwango sanifu cha ukungu) na kumwaga ageri ya Mueller-Hinton (ageri sanifu ya kupimia dawa) kwa kina cha milimita 4 kila mara, la sivyo maduara yatapanuka na kusinyaa kwa sababu zisizohusu dawa kabisa.

Sasa M-31, na hapa nakuuliza swali kabla sijasema kitu. Umeandika kwamba M-17 ulilihamishia ageri isiyo na dawa mara tatu. Je, M-31 nalo ulilihamisha, au kipande ulikikata moja kwa moja kutoka kwenye sahani ya kwanza ya utengaji?

Mfamasia wa Zamu

Nitagusa MRSA na neno "sugu", kwa kuwa ndiyo mambo ya kazini kwangu kila siku.

Kwanza mada yako inasema vimelea sugu, lakini bakteria uliowapima, kwa jinsi ulivyoandika, hukuonyesha kwamba ni sugu kwa lolote. S. epidermidis wa maabara anaweza kuwa mpole kabisa. Ama uwapime hao wa majaribio kwa diski za dawa za kawaida na kuonyesha wanavyohimili, ama uliondoe neno "sugu" kwenye mada. Mtahini wa nje ataanzia hapo, kwa sababu ndipo pengo lilipo wazi zaidi.

Pili, kutafuta MRSA kwa ajili ya kuipa kazi uzito si sababu. MRSA huhimili dawa za familia ya penisilini kwa kuwa ina jeni ya mecA, inayotengeneza protini ya ukuta ambayo dawa hizo hazishikamani nayo vizuri. Kemikali inayoshambulia mahali pengine, tuseme ribosomu, haijali kama jeni hiyo ipo au haipo. Kwa hiyo kumpima MRSA kuna maana pale tu unapomweka sambamba na Staphylococcus aureus asiye sugu na kulinganisha: kemikali ikimzuia mpole na kumshindwa MRSA, utashuku kwamba umekutana na jamaa wa penisilini. Hilo ni swali zuri la shahada ya uzamili, likifanyika ndani ya maabara yenye kabati la usalama la kibayolojia na watu waliofundishwa. Kimelea hicho kisibebwe kwenye kibegi kupelekwa maabara ya kufundishia yenye wanafunzi arobaini.

Tatu, usilidharau M-17 kwa kushindwa na E. coli. Gramu hasi wana utando wa nje unaozuia molekuli kubwa, na zile ndogo zinazopenya kwenye vitundu vyake mara nyingi husukumwa nje tena na pampu. Vankomisini yenyewe, iliyotokana na udongo wa Borneo na ambayo bado tunaitegemea kwa wagonjwa mahututi, haiwezi E. coli kwa sababu hiyohiyo ya ukubwa. Hata hivyo ni kweli kwamba orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 imeweka juu kabisa Acinetobacter baumannii na jamii ya Enterobacterales (ambamo E. coli yumo) waliohimili karbapenemu, viuavijasumu vya akiba, pamoja na kifua kikuu kisichosikia rifampisini, dawa yake kuu, kwa hiyo usiandike kwamba M-17 linajibu hitaji kubwa kuliko yote.

Na ukifika kwenye utangulizi wa ripoti, chunga takwimu mbili ambazo huchanganywa kila mwaka. Makadirio ya mwaka 2019 yaliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2022 yanasema vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na milioni 4.95 vilihusishwa nao. Nimeona ripoti za wanafunzi, na hata vipeperushi, zinazoandika namba ya pili kwa maneno ya ile ya kwanza.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Asanteni sana. Dada wa Maabara, swali lako limenitoa jasho. M-31 nililikata moja kwa moja kutoka kwenye sahani ya utengaji. Sikuwa na muda wa kulihamisha.

Dada wa Maabara

Basi kabla hujagusa kingine chochote, fanya jaribio hili. Chukua sahani ileile ya utengaji, kata kipande mahali ambapo hakuna koloni hata moja, na ukiweke juu ya E. coli. Pembeni yake weka kipande cha M-31 lililooteshwa kwenye ageri isiyo na dawa. Asidi ya nalidiksiki uliyoitia kwenye ageri ya utengaji huua hasa Gramu hasi na huwaacha Staphylococcus wakiendelea na maisha yao, na matokeo uliyoyaeleza ndiyo sura yake.

Mtafiti wa Nairobi

Wakati tunasubiri matokeo, niongeze jambo moja ambalo halijaguswa: vibali. Watu hudhani udongo ni udongo tu, lakini sisi Kenya tumeshaonja machungu yake. Bakteria wa jenasi Actinoplanes aliyetoka Ruiru alikuja kuwa chanzo cha akabosi, dawa ya kisukari inayouzwa duniani kote, na bakteria waliochukuliwa kwenye maziwa yetu ya magadi katika Bonde la Ufa walitoa vimeng'enya vilivyoingia kwenye sabuni na viwanda vya nguo, hadi Shirika la Huduma za Wanyamapori likaibua madai ya mgawo baadaye. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, ilikuja kuweka utaratibu wa mambo hayo.

Kwa mradi unaobaki ndani ya chuo chenu huenda taratibu za chuo zikatosha, ila mikoko ni msitu unaolindwa na sampuli ikivuka mpaka habari inabadilika. Hata kumtumia rafiki aliyeko Ulaya mrija mmoja wa bakteria hai "akusaidie kusoma jenomu" ni kusafirisha rasilimali ya kijenetiki. Sisi huanzia NACOSTI (tume yetu ya sayansi) na NEMA (mamlaka yetu ya mazingira). Kwenu ulizeni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kabla, si baada. Kama unataka tu utambulisho, kutuma DNA iliyokuzwa ya jeni ya 16S rRNA, ambayo ina urefu wa herufi kama 1,500, ni njia nyepesi kuliko kutuma kiumbe, ingawa nayo iulizieni. Na jeni hiyo itakupa jenasi bila shida, lakini spishi za Streptomyces zinafanana mno hapo, kwa hiyo usikimbilie kuandika jina la spishi kwa sababu kompyuta imekuonyesha mfanano wa asilimia 99.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Nimerudi baada ya siku kumi na sita.

M-31 limekwisha. Kipande kitupu cha ageri ya utengaji, kisicho na koloni lolote, kimeweka duara la milimita 14 juu ya E. coli, sawasawa na lile nililolishangilia, na M-31 lililooteshwa kwenye ageri isiyo na dawa halikuzuia chochote. Nilikaa nje ya maabara karibu saa nzima. Kisha niliona kwamba bora nimelijua mimi kabla ya mtahini, na nimeliandika lote kwenye sura ya matokeo pamoja na picha za sahani.

M-17 limesimama. pH ya ageri pembeni mwake ni 7 na kitu, katalasi haikupunguza duara, na ukamuaji wa ageri iliyogandishwa umetoa milimita 16, 15 na 17 kwa siku tatu tofauti, huku diski za kiyeyushi kitupu na za ageri isiyopandwa zikiwa hazina duara kabisa. Maji yaliyobaki hayakuzuia kitu, kwa hiyo nadhani si streptomisini wala streptothrisini, ila nimeandika "nadhani". Msimamizi amekubali kichwa cha Mwalimu, na neno "sugu" tumeliondoa. Swali langu la mwisho: nimebakiwa na wiki nne na nusu, nitumie muda huo kwa nini? Nilifikiria kupima kama ukamuaji huu una sumu kwa seli za binadamu.

Mwalimu Mstaafu

Umefanya vizuri kuliko wengi waliokutangulia. Usiingie kwenye seli za binadamu. Kama chuo chenu kina jaribio la sumu kwa viluwiluwi vya Artemia (kamba wadogo wa maji ya chumvi), linalofahamika sana katika maabara zetu za dawa asili, lifanye hilo. La sivyo pima kama ukamuaji unapasua chembe nyekundu za damu ya kondoo, ile mnayotumia kwenye ageri ya damu. Ukipasua, utakuwa umejua kwamba huenda M-17 linatoboa tando zozote linazokutana nazo, na hilo nalo ni tokeo. Muda utakaobaki uandike. Ripoti huharibikia kwenye uandishi wa usiku wa mwisho.

Dada wa Maabara

Kabla ya viluwiluwi na damu, kesho asubuhi lihifadhi M-17. Streptomyces wana tabia ya kupoteza ncha za kromosomu zao, ambayo ni ya mstari na si ya duara kama ya bakteria wengi, na ukizidi kuwahamisha sahani hadi sahani unaweza kuamka siku moja ukakuta koloni zuri la kijivu lisilozuia chochote. Kwangua mbegu kutoka sahani ya zamani kabisa uliyonayo, zitie kwenye gliseroli ya asilimia 20, jaza mirija sita, weka mitatu kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na mitatu mpe msimamizi aiweke kwenye friza ya jengo jingine, maana umeme wetu tunaujua. Na lebo uiandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu zile nyeusi huondoka mtu akipangusa mrija kwa spiriti.